Bi Kikapu na Kisanduku cha Maelezo Mengine

Tarehe thelathini ya mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, Mkaguzi Mkuu wa Samaki Waliovuliwa na Waliotupwa atarudisha funguo, kofia na kikapu, na kustaafu baada ya kuitumikia ofisi yetu ya uvuvi kwa miaka thelathini na mitatu, miezi miwili na siku kumi na moja. Siku hizo kumi na moja nimeziweka kwa ombi lake mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeandika "zaidi ya miaka thelathini na mitatu", akanirudishia karatasi akiwa amelizungushia neno "zaidi" wino mwekundu.

Wengi humu ndani mnamjua kwa jina la Bi Kikapu. Mimi ninayeandika ni mtunza majalada wa masijala, chumba cha mwisho ghorofa ya juu, chenye dirisha linalotazama gati. Shule sikufika mbali. Kamati ya sherehe iliniteua kwa sababu mbili: majalada yake yote ninayo mimi, na wengine wote walisema wana kazi. Namshukuru Mungu kwa yote mawili.

Niwaambie jambo kabla sijafika mbali. Wenzangu mlipokuwa mnabishana kuhusu keki na zawadi, mimi nilikuwa na hofu nyingine kabisa. Bi Kikapu ana mdogo wake wa tumbo moja, nahodha wa kile chombo cha kijani kinachofunga upande wa mashine ya barafu. Kwa miaka sita ndugu hawa walikuwa hawasemezani kwa mdomo. Yote waliyoambiana yalipita kwenye fomu ya ofisi, na fomu ile humfikia mwenye cheo cha mkaguzi mkuu, haimfikii mwenye cheo cha dada. Akistaafu, fomu inakwenda kwa mwingine. Hiyo ndiyo hofu niliyokuwa nalala nayo na kuamka nayo.

Nitaeleza ilivyokuwa. Ruhusa nimepewa na wote wawili. Dada ameridhia kwa sharti kwamba tarakimu ziwe sahihi. Nahodha ameridhia kwa sharti kwamba iandikwe humu kuwa yule samaki alikuwa hai. Nimeandika.

Bi Kikapu aliajiriwa akiwa na miaka ishirini na sita, miezi tisa na siku kumi na tisa. Walimpeleka baharini moja kwa moja kama mwangalizi, yaani mtu anayepanda chombo cha watu wengine, kulala kwenye kitanda chembamba kuliko mgongo wake, na kuandika kila kinachotoka wavuni na kila kinachorudi majini. Siku hizo sheria ilikuwa moja: samaki ambaye chombo hakina kibali chake, au aliye chini ya kipimo, asifike gatini. Atupwe. Basi nyavu kubwa za kukokota zilipandishwa, samaki wakachambuliwa sitahani, waliotakiwa wakaingia kwenye barafu, wasiotakiwa wakarudi baharini, wengi wao wakiwa wamekwisha kufa. Bahari haikufaidika, wala mvuvi. Ndege wa baharini walifaidika sana, na kwa kadiri ninavyojua hawakuwahi kukata kibali.

Kazi yake ilikuwa kuwahesabu hao waliotupwa. Hakuna anayeweza kumhesabu kila samaki, kwa hiyo kila wavu ulipopandishwa alichota kikapu kimoja bila kuchagua, akahesabu waliomo na kumpima kila mmoja kwa rula. Mabaharia walimjaribu. Walimpangia samaki wazuri mahali alipozoea kuchota, naye akahamia upande wa pili. Wakapanga upande wa pili, akafumba macho na kuzunguka mara tatu ndipo akachota, jambo ambalo sitahani, chombo kikiyumba, si la kumshauri mtu. Jina la Bi Kikapu lilianzia hapo. Kikapu chenyewe ni kile cha plastiki cha rangi ya chungwa, nambari ya mali 0417. Katika miaka yote hiyo hakukibebea hata kitunguu.

Kisha, miaka kumi na miwili iliyopita, sheria ikageuka. Sasa samaki wote wa aina zilizoorodheshwa waletwe gatini, wakubwa kwa wadogo, waandikwe na kupunguzwa kwenye mgao wa chombo, yaani kiasi kilichoruhusiwa kuvua kwa msimu. Waliowaza jambo hilo waliwaza vizuri: mtu akijua kila anachokitoa majini atahesabiwa, atachagua wavu wake kwa makini. Walioruhusiwa kurudishwa baharini ni wa namna tatu tu: aliyeng'atwa na papa kabla hajafika sitahani, aliyekatazwa kabisa kuvuliwa, na yule ambaye imethibitishwa kwamba akirudishwa ataishi. Naomba huyo wa tatu mumweke akilini.

Aliyepewa kazi ya kuwafundisha manahodha sheria mpya ni yule yule aliyewafundisha ya zamani, katika chumba kile kile, kwa ubao ule ule. Alifuta neno "atupwe" akaandika "aletwe", na alama ya la kwanza bado ilionekana chini yake. Baharia mmoja wa siku nyingi aliinua mkono. "Bi Kikapu, mwaka jana ulitufundisha kutupa, mwaka huu unatufundisha kubeba. Mwakani si utatufundisha kumeza?" Chumba kizima kikacheka. Yeye akafungua kitabu cha kanuni na kumjibu kwamba samaki wa kuliwa chomboni naye aandikwe, ukurasa wa nne.

Ukurasa huo wa nne ulimrudia. Miezi miwili baadaye akiwa kazini baharini, mpishi wa chombo alimpa bakuli la mchuzi wa samaki. Akala, akashukuru, akatupa kichwa na miiba baharini kama watu wote wanavyofanya. Alipomaliza kunawa mikono akakumbuka kwamba samaki yule hakuwa ameandikwa popote, na kwamba sehemu yake imetupwa. Akachukua fomu ya makosa akajishtaki. Ninayo hapa. Mtuhumiwa: mimi. Shahidi: mimi. Kilichotupwa: kichwa kimoja, kimechemshwa, macho yote mawili yapo. Fomu ilidai urefu wa samaki, akarudi jikoni kuuliza. Mpishi akamwambia, "Ungeniambia kabla sijamkata, mama. Sasa nikupimie mchuzi?"

Kamati ya watu watatu ilikaa vikao vitatu. Kikao cha tatu chote kiliishia kwenye swali kama samaki aliyechemshwa bado ni samaki kisheria. Alipewa onyo la mdomo. Akaomba liwe la maandishi. Jalada lilifungwa, na tangu siku hiyo akiwa baharini hula maharage.

Nimelisimulia hilo ili mjue ni mtu gani aliyekuwa amesimama kando ya tangi, alasiri ile ya miaka sita iliyopita.

Shida ilikuwa taa, yule samaki bapa mwenye mkia kama mjeledi. Hakuna aliyekuwa akimtafuta taa. Anaingia wavuni mwenyewe, amelala zake chini ya bahari, wavu unapita unamkokota pamoja na wengine. Mgao wa taa ulikuwa mdogo sana, na kwa sheria mpya mgao wake ukiisha, vyombo vyote vyenye nyavu za aina ile vinafungwa gatini, hata kama samaki wanaotafutwa wamejaa tele. Mwaka ule mgao ulikaribia kwisha kabla ya nusu ya msimu. Mlango uliobaki ulikuwa ule wa tatu: ithibitishwe kwamba taa akirudishwa majini anaishi.

Kipimo kilikuwa hivi. Taa arobaini, kumi kutoka kila chombo kati ya vyombo vinne vilivyopatikana kwa kura, wawekwe kwenye matangi ya maji ya bahari ghalani kwetu kwa siku kumi na tano. Siku ya mwisho, saa kumi jioni, wakiwa hai ishirini na wanane au zaidi, ruhusa inatoka. Wakipungua, haitoki. Kura iliangukia pia chombo cha kijani cha mdogo wake. Bi Kikapu aliandika barua kujitoa kwa sababu ya undugu. Mkurugenzi akamjibu kwamba mwenye ujuzi wa kazi ile ni yeye peke yake, na kwamba kura haina undugu.

Siku zile kumi na tano ofisi haikufanya kazi nyingine, tuseme kweli. Mhasibu alishuka kuwatazama taa kabla ya chai na baada ya chai. Dereva alijua wanaokula na wasiokula. Nahodha alikuja kila asubuhi, akasimama kwenye mstari wa njano ambao asiye mfanyakazi haruhusiwi kuuvuka, na dada yake akamsomea hesabu akiwa upande wa pili wa mstari. Walikuwa wakitaniana bado. "Dada, wa kwangu wamelala njaa?" "Wa kwako walafi kama wewe." Siku ya kumi walikuwa hai thelathini na watatu. Siku ya kumi na tatu, thelathini. Siku ya kumi na nne, ishirini na wanane, na mmoja kati yao, nambari thelathini na moja, kutoka chombo cha kijani, alikuwa amejilaza kwenye kona bila kujali mambo ya dunia.

Nitakiri kwamba nilimwombea. Sijui kama inafaa kumwombea taa. Nilimuuliza kiongozi wangu wa dini, naye akaniuliza kama siku hizi ninalala vizuri. Lakini nyuma ya taa yule niliwaona mabaharia wa vyombo kumi na saba na watoto wao, na nikaona Mwenyezi Mungu ataelewa namaanisha nini.

Siku ya kumi na tano saa kumi, tulikuwepo Mkurugenzi, nahodha, mabaharia wake wawili, Bi Kikapu na mimi niliyeshika saa. Mwongozo unasema samaki hai ni yule anayejitikisa mwenyewe akiguswa mara tatu kwa fimbo ya mpira, ndani ya dakika kumi. Wale ishirini na saba walijitikisa vizuri, mmoja akamrushia Mkurugenzi maji kifuani. Ikabaki nambari thelathini na moja. Mguso wa kwanza, kimya. Wa pili, kimya. Mguso wa tatu, mkia ukainuka kidogo ukalala.

"Umetikisika!" nahodha akapiga kelele. "Dada, umetikisika, kwa macho yangu haya mawili!"

"Hiyo ni pampu, mdogo wangu. Maji ndiyo yaliyousukuma."

"Basi zima pampu."

Akaizima. Tukasubiri. Zilibaki dakika mbili, na sijawahi kuona dakika zenye miguu mizito kama zile. Mkia haukuinuka tena. Nahodha akasema bila shaka haukuinuka, umemkata pumzi halafu unataka acheze? Mkurugenzi, ambaye alitutakia mema sote, akauliza kwa sauti ya chini kama haiwezekani kuandika kwamba samaki yuko mahututi. Bi Kikapu akasema kwenye fomu hakuna mahututi. Saa yangu ilipotimia, akaandika: hai, ishirini na saba.

Je, mimi niliona nini? Nimeulizwa mara nyingi. Nilikuwa natazama saa.

Nahodha alivaa kofia yake. Alizungumza polepole, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kelele. "Sawa, dada. Kuanzia leo mimi na wewe tutaambiana yale tu ambayo sheria inataka tuambiane." Akatoka. Bi Kikapu akaifuta ile fimbo ya mpira, akaitia kwenye mfuko wake, akaitoa, akaifuta tena.

Vyombo vilifungwa gatini wiki kumi na moja. Mabaharia walishona nyavu ambazo hazikuchanika. Chombo cha kijani kilipakwa rangi mara mbili, kijani juu ya kijani. Bi Kikapu angeweza kupitia mlango wa nyuma, lakini kila asubuhi alipita gatini mbele ya vyombo vyote na kusalimia kila kimoja. Watu wa chombo cha kijani walikuwa wakipata kazi ya ghafla upande wa pili wa chombo. Mpishi wao peke yake ndiye aliyeitika, na aliitikia akiwa ameinama kwenye sufuria.

Msimu ulipofunguliwa, fomu zikaanza kuja. Kila chombo kikirudi, nahodha hujaza fomu: waliovuliwa, waliorudishwa baharini na sababu yake, na chini kabisa kisanduku cha Maelezo Mengine. Mkaguzi mkuu huhakiki na kuandika kwenye kisanduku cha Maoni ya Mkaguzi. Kwa kuwa chombo cha kijani kilikuwa cha nduguye, Bi Kikapu aliomba kila fomu yake isainiwe pia na mtu wa pili. Mkurugenzi akachagua masijala. Ndiyo maana nilizisoma zote. Sikuwa nachungulia. Nilikuwa kazini.

Fomu ya kwanza kwenye Maelezo Mengine ilisema: Bahari shwari. Hakuna la ziada kwa mkaguzi. Ya pili vivyo hivyo. Ya tano ilisema: Wavu umechanika ubavu wa kushoto. Mama anauliza mbona huji. Mama yao, mnielewe, anaishi kwa nahodha. Niliitazama fomu ile kwa muda mrefu, nikaipeleka. Ikarudi na maoni: Imehakikiwa. Nitakuja Jumamosi saa nne. Mwenye chombo awe ametoka.

Naye akatoka. Ikawa desturi. Kila ilipotajwa Jumamosi saa nne, maneno yale ya mwisho yalifuata: mwenye chombo awe ametoka. Mama yao alipochoka alisema neno ambalo nahodha, kwa uaminifu wake wote, alilinakili kwenye kisanduku: Mama anasema alizaa watoto wawili, hakuzaa ofisi mbili. Jibu lilikuwa: Imehakikiwa.

Lakini Bi Kikapu hakuwa ameketi tu. Mwaka uliofuata aliandika andiko la kurasa thelathini kueleza kwa nini wale taa kumi na watatu walikufa. Wavu ulikokotwa saa nne nzima, taa akiwa chini ya mzigo wa wengine, kisha akaachwa sitahani juani mpaka wote wachambuliwe. Akapendekeza wavu ukokotwe dakika tisini tu, na taa aondolewe wa kwanza kabisa na kutiwa kwenye beseni la maji kabla mtu hajamgusa samaki mwingine. Manahodha walikataa. Dakika tisini ni kushusha na kupandisha wavu kutwa nzima, migongo ikatike. Andiko lilikaa mezani wiki tano. Kisha ikaja fomu ya chombo cha kijani: Chombo hiki kiko tayari kukokota dakika tisini. Isichukuliwe kwamba tumepatana.

Kipimo cha pili kilitoa hai thelathini na wanne kati ya arobaini. Safari hii hakuna aliyehitaji kuzima pampu. Ruhusa ikatoka, na masharti yake ndiyo mnayoyaona yamebandikwa ukutani kwenye chumba cha manahodha: dakika tisini, beseni la maji, taa kwanza. Tangu hapo vyombo havijafungwa tena kwa ajili ya taa. Manahodha wa bandari nyingine wamekuja kujifunza. Anayewaonyesha namna ya kumshika taa bila kumuumiza ni nahodha wa chombo cha kijani, na huwa anaanza somo kwa kuwaambia kwamba hata wale wa kwanza walikuwa ishirini na wanane.

Mngedhani hapo wangesameheana. Mimi nilidhani. Nilinunua hata biskuti. Lakini mtu anaweza kufanya kazi na mwenzake miaka mitano, kila mmoja akimsaidia mwenzake kwa jasho lake, na bado hakuna anayejua neno la kwanza liweje. Fomu zikaendelea. Taa waliorudishwa: kumi na mmoja, hai. Maelezo Mengine: Mke wangu amejifungua mtoto wa kike, kilo tatu na nusu, hai. Dada akaandika: Imehakikiwa. Mungu amkuze. Uzito ulipimwa kwa mizani gani? Siku ya pili nikakuta masijala blanketi mbili ndogo zenye karatasi iliyosema ziambatanishwe na fomu. Nimeambatanisha vitu vingi katika maisha yangu kwa pini. Zile nilizipeleka kwa mkono.

Sheria inataka fomu hizi zitunzwe miaka kumi bila kutupwa hata moja. Za chombo cha kijani ni mia nne na kumi na tisa, katika majalada sita. Nimewasoma ndugu wale wakiulizana habari za jino, paa linalovuja, mtihani wa mtoto, shinikizo la damu la mama. Sijui ndugu wengine wangapi wanaosemezana kwa mdomo wanaambiana mambo mengi hivyo.

Mwaka huu ulipoanza, maandishi yalizidi kurefuka. Nahodha aliandika mpaka pembeni mwa karatasi. Dada alijibu kwa herufi ndogo, na yeye si mtu wa herufi ndogo. Mwezi uliopita ikaja fomu yenye swali moja tu: Nani atapokea fomu hizi kuanzia mwezi wa saba? Jibu lake: Imehakikiwa. Mkaguzi mpya. Ana mwandiko mzuri.

Nilifunga jalada nikaenda kuchemsha chai. Jioni ile nilisali kwa muda mrefu kuliko nilivyomsalia taa.

Jumanne iliyopita chombo cha kijani kilirudi, safari ya mwisho kabla ya tarehe thelathini. Fomu ikaletwa na tarishi. Nikaitazama harakaharaka kabla ya kuipeleka. Waliovuliwa, imejazwa. Taa waliorudishwa: tisa, hai. Maelezo Mengine: tupu. Hakukuwa na nukta wala mstari. Mtu aliyeandika mpaka pembeni mwa karatasi miaka sita hakuwa na neno moja la kumuaga dada yake.

Niliipeleka mezani kwake. Bi Kikapu aliisoma kuanzia juu, kidole kikishuka mstari kwa mstari, kikafika kwenye kisanduku kitupu kikasimama. Sasa kanuni ziko wazi, na ameniambia mimi mwenyewe mara elfu. Kisanduku hakiachwi wazi. Asiye na la kusema aandike "hakuna". Fomu yenye kisanduku kitupu haijakamilika, na irudishwe kwa nahodha, aijaze kwa mkono wake.

Kwa kawaida anayeirudisha ni tarishi. Tarishi alikuwa amesimama pale pale, mkono ameshaunyoosha. Bi Kikapu akavua miwani, akaichukua fomu, akavaa kofia yake ya kazi akashuka ngazi mwenyewe.

Nilikimbilia dirishani. Nahodha alikuwa gatini, amekaa juu ya kreti iliyofunikwa, na kando yake palikuwa na kreti ya pili iliyopanguswa ikakauka. Alikuwa hafanyi chochote, na nahodha ambaye chombo chake kimetoka kufunga hakosi cha kufanya. Hapo ndipo nilipoelewa. Alimjua dada yake. Alijua kisanduku kitupu kitamtoa ofisini.

Sikusikia walichosema. Jambo hilo linaniuma mpaka leo, maana katika miaka sita hayo ndiyo mazungumzo yao pekee ambayo hayamo kwenye jalada. Niliona tu. Bi Kikapu alimpa fomu, naye hakuipokea. Dada alisimama kidogo, akakaa kwenye ile kreti ya pili. Baadaye nahodha alinyoosha mkono bapa, akauinua kwenye kiganja na kuulaza, kama mkia. Bi Kikapu akatikisa kichwa, akazungusha kidole hewani, kama pampu. Nahodha akainua mkia tena, juu zaidi. Bi Kikapu akazungusha pampu kwa kasi. Mpishi alitoka na sufuria akasimama kuwatazama. Kisha niliona mabega ya Bi Kikapu yakitetemeka nikaogopa kwamba analia, mpaka alipoinua uso. Alikuwa anacheka mpaka kofia imemwanguka, na mdogo wake ameiokota anaipangusa kwenye goti.

Dakika arobaini na tatu. Nilikuwa na saa.

Alipopanda ngazi alikuwa na fomu mkononi. Akaketi, akavaa miwani, akaandika, akaisukuma kwangu niweke saini ya pili, kama fomu nyingine mia nne na kumi na nane zilizotangulia.

Maelezo Mengine, kwa mkono wa nahodha: Hakuna.

Maoni ya Mkaguzi: Imehakikiwa. Jumamosi saa nne.

Nilitafuta yale maneno mengine, ya mwenye chombo kutoka. Hayakuwepo. Nikaigeuza karatasi nyuma, huko nako hayakuwepo. Nikasaini.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, kuanzia Mkurugenzi mpaka walinzi wa lango, namshukuru Bi Kikapu kwa kutufundisha kwamba hesabu ikiumiza bado ni hesabu, na kwamba aliyeumizwa nayo anaweza kurudi kutafuta dawa yake. Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetupa umri wa kuuona mwisho huu. Sherehe itakuwa ukumbi wa chini. Mama yake ameahidi kuja. Nahodha ataleta hotuba, na ameniarifu kwamba ataitoa kwa mdomo.

Bi Kikapu, siku zilizobaki Mola azifanye nyingi, na zote ziwe tulivu. Uketi kwenye kiti chenye mgongo, uzungukwe na watu wako, na upewe bakuli la mchuzi wa samaki ambaye hakuna aliyempima. Uumalize wote. Kichwa tupa popote.